Petroli Iliyonuka Kila Jumatano ya Kwanza

Gari langu lilikuwa likinuka petroli mara moja kwa mwezi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Huku kwetu harufu ya petroli ndani ya gari haimshtui mtu. Ukitoka Mtwara mjini kupandisha Nanyamba na Tandahimba, magari madogo mengi yana dumu kwenye buti: la kijana wa bodaboda kijijini, la mwenye jenereta, la mwenye kibanda anayepima petroli kwenye chupa za maji ya kunywa. Abiria hushusha kioo, huuliza "leo mmepakia dumu la nani?", safari inaendelea. Mimi sibebi dumu. Nilipowaambia hivyo wenzangu ofisini walicheka tu, mmoja akasema labda shemeji yao analipakia usiku nikiwa nimelala.

Mimi ni karani wa hesabu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Nalala Mtwara mjini, Chuno, kazi iko upande wa Nanyamba. Kazi hii ina ugonjwa wake: ukiona kitu kinajirudia hutulii mpaka ujue kinajirudia kwa utaratibu gani. Basi nikawa naandika, kwenye daftari lilelile la matumizi ya gari, siku ambazo harufu inatokea. Zote ziliangukia mwanzoni mwa mwezi.

Mwenye gari Tanzania atakuwa ameshaelewa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya za mafuta, na sisi wa Mtwara tuna bei yetu kwenye tangazo hilo, kwa sababu yapo mafuta yanayoshushwa bandarini kwetu. Uvumi wa bei kupanda ukisikika, Jumanne jioni sheli zina foleni hadi barabarani. Siku za kawaida mimi ni mtu wa elfu ishirini, elfu thelathini, naondoka. Jumanne hiyo najaza fulu kama wengine. Jumatano asubuhi nikifungua mlango wa gari lililolala nje, harufu inanipokea. Ikifika Ijumaa haipo tena. Kwa hiyo kalenda haikuwa na kosa lolote. Tanki likijaa ndipo gari linanuka.

Na kujaza kwenyewe kuna mambo yake. Mdomo wa pampu ya sheli hujikata wenyewe tanki linapofika mahali pake. Ile nafasi inayobaki juu imeachwa makusudi: petroli ikipata joto huongezeka ujazo, karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10, na mafuta yanayotoka kwenye matanki ya sheli, chini ya ardhi, yana ubaridi kuliko gari lililoegeshwa kwenye jua la saa saba mchana. Lita 40 zinaweza kuwa 40 na karibu nusu bila mtu kuongeza tone. Lakini kijana wa sheli akiona imekata kwenye elfu themanini na saba na mia tatu, hawezi kuvumilia. Atabonyeza tena na tena mpaka elfu tisini kamili, kwa sababu chenji hana. Namwelewa, hata mimi hesabu yenye mkia inanikera. Siku hizi namwambia mapema: ikikata yenyewe umemaliza, chenji nimekusamehe.

Fundi wangu ana gereji chini ya mwembe, njia ya kwenda Mikindani. Nilimpelekea gari pamoja na daftari. Alilisoma lote, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Dada, hiyo siyo hozi," akasema. "Hozi ikichoka inavuja leo, inavuja kesho. Hii inavuja ikijaa tu. Kitu kiko juu ya tanki."

Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani pampu ya mafuta imo ndani ya tanki, na tanki liko chini ya kiti cha nyuma. Ukinyanyua kiti na zulia lake unakuta kifuniko cha bati. Chini ya bati kuna mfuniko wa plastiki wa pampu, wenye nyaya za umeme zinazoingia na bomba la petroli linalotoka kuelekea kwenye injini. Wanangu hukaa juu ya mfuniko huo kila siku wanapokwenda shule.

Alitaka kufungua palepale. Nikamwonyesha jiko. Upande wa chini wa kiwanja kuna mama lishe anayewakaangia mafundi samaki na mihogo, na saa hiyo mkaa ulikuwa umekolea. Fundi akasema jiko liko mbali, halafu sisi tuko nje, hewa ipo. Hapo sikukubaliana naye, na tulibishana kidogo mpaka vijana wake wakaacha kazi kutusikiliza.

Petroli si mafuta ya taa. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Mtwara haitakaa iione. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu au zaidi, kwa hiyo haupai ukapotea. Unashuka chini, unatambaa, unafuata mteremko, unajikusanya kwenye kila shimo. Ukifikia kama asilimia moja na nusu tu ya hewa ya mahali, cheche moja inatosha. Kiwanja kile kinateremka, na jiko lilikuwa chini yetu kwenye mteremko huo. Sikuhitaji kumpa mfano mrefu. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukawakuta hapohapo, na waliokufa walizidi 100. Hakuna fundi Tanzania asiyeikumbuka siku hiyo.

"Basi tusukume," akasema.

Walilisukuma gari likalipita jiko, mpaka chini kabisa ya kiwanja, upepo ukiwa unatoka jikoni kuja kwetu. Mama lishe akauliza kama tunakimbia deni lake la chai. Fundi alichomoa teminali ya hasi ya betri kabla ya kugusa chochote, simu zote zikabaki kwenye benchi, na aliyekuwa na sigara akafukuzwa kabisa. Kisha ndipo bati likafunguliwa.

Kuuzunguka mfuniko wa pampu, vumbi lilikuwa limelowa na kugeuka tope jeusi. Alipolifuta, ukaonekana ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye ukingo na kufuata mzunguko wa plastiki. Tanki likiwa nusu, petroli iko chini kabisa ya hapo na kinachotoka ni mvuke kidogo tu. Likijaa, petroli inaugusa ufa wenyewe, na ukipanda kilima au ukipiga shimo inarukia juu. Harufu ilikuwa inaingia ndani kupitia ukingo wa lile bati, ambalo mpira wake ulishakauka zamani.

Fundi akatoa gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unayoichanganya. Akasema akisafisha vizuri na kupaka, nitaendesha wiki kadhaa bila tatizo. Nikamuuliza, na baada ya hizo wiki? Alinyamaza, halafu akamtuma kijana wake stoo alete mfuniko wa gari jingine aliowahi kuuziba hivyo hivyo. Gundi ilikuwa imebanduka kipande kizima. Ungeweza kuing'oa kwa ukucha. "Petroli inaila," akasema mwenyewe. Plastiki inatanuka mchana na kusinyaa usiku, gundi iliyokauka haitanuki nayo, basi wanaachana. Namheshimu fundi huyu kwa sababu ya siku ile. Angeweza kuchukua hela ya gundi, akachukua tena ya kurudia, akachukua na ya mara ya tatu. Badala yake alileta ushahidi dhidi ya kazi yake mwenyewe.

Aliyetufungua macho, hata hivyo, ni yule kijana wa stoo. Pembeni kulikuwa na gari la mteja mwingine, la aina ileile na langu. Akasema, "Bosi, mbona lile lina stika mlangoni na hili halina?"

Tukaenda kuangalia. Ukifungua mlango wa dereva, karibu na komeo pale mlango unapofungia, kulikuwa na kistika kidogo chenye namba na maandishi ya Kijapani. Fundi alikuwa ameziona stika za namna hiyo miaka yote akidhani ni za kubadilisha oili. Za oili zipo, lakini hii haikuwa ya oili. Kwa miaka mingi Japani, gari lililorudishwa kwa wakala kurekebishiwa kasoro ya kiwandani lilikuwa likibandikwa stika yenye namba ya kazi hiyo karibu na komeo la mlango wa dereva, ili anayefuata ajue imeshafanyika. Wanaojua kuiangalia huku kwetu ni wachache.

Usiku ule nilikaa na kadi ya gari na simu. Kurasa za kwanza nilizozipata za kukagua kama gari limeitwa kurudishwa zilitaka namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17. Yangu haifiki huko: ina herufi na tarakimu chache, kistari, halafu tarakimu nyingine. Kila nikiiingiza inakataliwa. Kwa muda nilianza kumfikiria vibaya wakala aliyenitolea gari bandarini. Bure, maskini. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayana namba ya 17. Yana alama ya modeli, kistari, na namba ya mfuatano. Kurasa za Marekani hazilitambui gari la namna hiyo hata kidogo. Unatakiwa uende kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji mwenyewe, wenye visanduku viwili: kimoja cha kabla ya kistari, kingine cha baada yake. Ukurasa wote ni wa Kijapani, lakini simu hutafsiri, vibaya vibaya, inatosha kuelewa.

Jibu lilikuja: kazi moja, haijafanyika. Maelezo yakasema plastiki ya mfuniko wa pampu huenda ikapasuka kadiri muda unavyokwenda, petroli ikavuja tanki likiwa limejaa, na kwamba mwenye gari alipeleke kwa wakala abadilishiwe bila malipo. Tarehe ya tangazo ilikuwa ya miaka kadhaa kabla gari halijapanda meli. Yaani siku linashushwa Dar es Salaam, kasoro ile ilikuwa na maelezo yake, mchoro wake na dawa yake, vyote vimeandikwa, isipokuwa havikuandikwa kwa ajili yangu.

Sitaitaja kampuni. Sioni haja ya kumsema aliyetangaza kosa lake hadharani, na hakuna mtengenezaji ambaye hayajamkuta. Mwaka 1978 kampuni ya Ford iliita magari madogo ya Pinto na Bobcat, jumla milioni 1.5, huko Marekani kwa sababu tanki liliweza kupasuka na kuwaka gari likigongwa kwa nyuma, na hiyo ni baada ya miaka ya kesi na kelele. Juni 2016 Toyota iliita magari milioni 2.87 duniani kwa sababu kopo linalonasa mvuke wa petroli liliweza kupata nyufa na kuvujisha mafuta. Langu halikuwemo kwenye lolote kati ya hayo, lakini inaonyesha kwamba kuita magari ni sehemu ya kazi ya kuyatengeneza. Mimi nilikuwa naamini kwamba gari likitangazwa hivyo ni gari bovu, na muuzaji wa magari aliyenisikia nikilisema hili sheli alikasirika kana kwamba nimelitukana duka lake.

Jambo la kujiuliza ni barua ilikwenda wapi. Kule Japani barua hutumwa kwa anayemiliki gari kwa mujibu wa usajili wa wakati huo. Huyo pengine aliiweka mezani, au alikuwa ameshapanga kuliuza gari hivyo hakuona sababu ya kuhangaika. Gari likaenda mnadani, likanunuliwa na msafirishaji, usajili wake wa kule ukafutwa, likapanda meli. Hapa TRA ikalisajili upya, likapata namba yake ya T na jina langu. Hakuna mtu ofisini kule Japani anayejua kwamba gari lile sasa linapeleka watoto shule Chuno. Na hapa hakuna mtu aliyeandikiwa barua. Katika safari nzima, jina la mwenye gari linabadilika, namba ya usajili inabadilika, nchi inabadilika. Kinachovuka bahari bila kubadilika ni namba ya chasisi. Cheti cha ukaguzi nilichokabidhiwa pamoja na gari kilizungumzia breki, taa, usukani, matairi. Kuhusu kazi za kiwandani ambazo hazijafanyika, hakukuwa na mstari wa kuandika.

Nilimpigia wakala rasmi wa magari hayo Dar es Salaam. Dada aliyepokea alikuwa mwungwana. Jibu lake la kwanza ndilo nililolitarajia: gari hilo hatukuliingiza sisi. Sikubishana. Nikamwambia fedha siombi, naomba anitajie namba ya spea iliyotolewa baada ya tangazo. Alikwenda akarudi, akanitumia. Mtengenezaji anaporekebisha kifaa, kwa kawaida hubadilisha herufi au tarakimu za mwisho za namba yake, na hapo ndipo unapotofautisha cha zamani na kipya. Akaongeza kwamba nikilileta gari Dar wanaweza kuwauliza wenyewe wa kiwandani kama watagharamia, ila hatoi ahadi. Kutoka hapa Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Kumpelekea mtu gari linalovuja petroli umbali huo ili akuulizie swali, niliona ni mchezo.

Mpaka spea ipatikane nikaamua kuishi chini ya nusu tanki. Rahisi kusema. Kila Jumanne ya uvumi nikawa naipita foleni ya sheli nikiwaangalia watu wanaookoa elfu tano zao, mimi naweka elfu ishirini siku inayofuata kwa bei mpya. Mume wangu aliiita kodi ya ufa. Watoto niliwahamishia kwenye bajaji ya jirani, maana nusu tanki inapunguza kuvuja lakini haiuondoi ule mvuke, na mimi mwenyewe nikawa naendesha vioo vikiwa wazi, kiyoyozi kimezimwa, hata mvua ikinyesha.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulisoma popote. Mpwa wake fundi yuko Dar, na akasema Shaurimoyo, pale Ilala, mfuniko pamoja na pampu yake unapatikana siku hiyohiyo kwa bei ndogo, umetoka kwenye gari lililokatwa. Karibu niseme tuma. Fundi akanizuia: "Limekatwa gari gani, la mwaka gani?" Swali zuri sana. Gari lililokatwa la aina ileile na la miaka ileile limebeba plastiki ileile, yenye umri uleule, na huenda halikufikishwa kwa wakala kama langu. Tukaomba picha ya namba iliyochongwa kwenye mfuniko. Ilikuwa ya zamani, herufi kwa herufi sawa na niliyokuwa nayo mimi. Muuzaji akanihakikishia kwa sauti ya WhatsApp kwamba spea ya Kijapani haiharibiki, dada yangu, hii ni orijino. Orijino kweli ilikuwa. Kasoro nayo ilikuwa orijino.

Tukaagiza mpya, kwa namba ile niliyopewa, na bei yake ilizidi ada ya muhula ya mwanangu mdogo. Ilifika Dar, ikapakiwa kwenye basi, na ndipo Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa Mei 2024. Mvua ikaikata barabara ya Dar kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Kusini nzima tukabaki upande wetu, mabasi na malori yamekwama pande zote mbili, na mtu mwenye akili hakuweza kulalamikia kifurushi wakati watu wamelala barabarani na watoto. Kilikuja barabara ilipopitika, boksi limelowa, kilichomo kizima.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Gari lilikuwa na petroli kidogo, betri imechomolewa, tumelishusha kulipita jiko tena, safari hii bila ubishi. Oringi ya zamani, mpira wa kuziba chini ya mfuniko, haikurudishwa, maana ilikuwa imevimba kwa kunywa petroli, na fundi hakuufungua ule mzunguko unaoubana mfuniko kwa patasi na nyundo kama wengi wanavyofanya. Alichonga kipande cha chuma bapa kiushike pande mbili. Nyundo hutoa cheche, halafu huipasua plastiki mpya siku ileile uliyoinunua. Tulipomaliza nilikwenda sheli nikajaza mpaka ilipokata yenyewe, nikarudi, tukaliegesha juani kiti kikiwa wazi na karatasi za chooni zimezungushwa kwenye mfuniko. Karatasi zilibaki kavu. Fundi akachukua utepe, akaandika kwa kalamu ya wino tarehe na namba ya spea, akaubandika karibu na komeo la mlango wa dereva.

Mfuniko wa zamani niliomba ukatwe vipande viwili mbele yangu. Yule kijana wa stoo alisikitika, kwa sababu alishapata mteja.

Tangu hapo kadi za magari za watu zinaingia kwenye simu yangu. Walimu, wauguzi wa hospitali ya Ligula, dereva wa mkurugenzi mmoja, wote wanataka niwaangalizie. Petroli si tatizo linalotokea mara nyingi. Linalotokea mara nyingi ni mfuko wa hewa, ule wa kumkinga aliyekaa mbele gari likigonga: ile kasoro ya mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani iliyofanya makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali yaitwe duniani. Baruti iliyomo, ammoniamu naitreti, huharibika kwa kukaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, na siku mfuko unapofumuka kopo lake la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa aliyekaa mbele. Joto na unyevu! Mtu wa Mtwara au Lindi afanyeje kuhusu hilo? Gari lililokaa Kilwa Masoko miaka kumi limepata vyote viwili kila siku ya Mungu. Na hilo fundi wa chini ya mwembe haliwezi, wala hapaswi kulijaribu. Ni la wakala mwenye kifaa kipya, basi. Wawili kati ya walionitumia kadi wamekubaliwa na wakala Dar na kubadilishiwa. Wengine bado wanazungushwa.

Wapo pia wanaoniuliza kabla ya kununua, na hao ndio napenda kuwasaidia, maana bado wana nguvu ya kusema hapana. Juzi muuza magari mmoja alikataa kumpa mwenzangu namba ya chasisi mpaka alipe kishika uchumba. Alidai namba ni siri ya mteja. Namba hiyo imegongwa kwenye bodi ya gari na imeandikwa kwenye kila karatasi iliyopita bandarini. Mwenzangu alikwenda kuinamisha kichwa chini ya boneti mwenyewe akaipiga picha, akaambiwa gari limeshauzwa.

Mjomba wangu wa Masasi ana gari kama langu, mwaka mmoja nyuma. Nilipoliangalia likatoa jibu lilelile: kazi moja, haijafanyika. "Lakini halinuki, mama," akasema, na ni kweli, nilikwenda nikalinusa. Ufa unaweza usiwepo bado, na unaweza kuja mwezi ujao. Ameshaagiza mfuniko, namba mpya, anasubiri. Kwa sasa anaendesha kwa nusu tanki, na kwa kuwa shughuli zake ziko Lindi analazimika kusimama Mnazi Mmoja kuongeza, jambo linalomuudhi kuliko ufa wenyewe. Jumatano iliyopita bei ilishuka, akanipigia kuuliza kama sasa anaruhusiwa robo tatu. Nimemwambia nusu.